UCHOVU WA WENYE MARADHI SUGU YA MAPAFU: ASILI YAKE NA MAMBO YANAYOUZIDISHA

Kata ya Igowole imo katika Wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, kusini ya mji wa Mafinga. Ni nchi ya vilima, mashamba ya chai, misitu ya kupandwa ya misonobari na milingoti, na ukungu ambao asubuhi nyingi za Juni na Julai hukawia kuondoka. Maisha ya mkulima wa huko ni ya kupanda na kushuka: shamba la mahindi liko mteremkoni, maji yako bondeni, kuni ziko ng'ambo ya kilima, na mchuma chai huanza kazi mapema akiwa na kapu mgongoni. Katika nchi ya namna hiyo mtu asiyeweza kupanda kilima hujulikana upesi.

Miongoni mwa watu hao wamo wenye maradhi sugu ya mapafu. Wagonjwa hao hukohoa na kutweta, na mambo hayo mawili majirani huyasikia. Lakini wana shida ya tatu isiyosikika wala kuonekana, nayo ni uchovu. Mgonjwa huamka amechoka kana kwamba hakulala. Akivaa nguo hupumzika kabla ya kumaliza. Akilima tuta moja au mawili huketi chini, nguvu zimemwisha. Kwa kuwa uchovu hauna jeraha wala uvimbe, watu huupa jina jingine, nao huuita uvivu. Jina hilo huumiza. Na tena hupotosha, kwa maana mvivu hahitaji tiba, bali mgonjwa huihitaji.

Makala haya yanakusudia kueleza uchovu huo unatokana na nini, kwa nini wagonjwa wawili wenye mapafu yaliyoharibika sawasawa huweza kutofautiana sana kwa nguvu, na ni mambo gani yanayoweza kurekebishwa hata pale ambapo mapafu yenyewe hayawezi kurudishwa katika hali ya zamani.

MARADHI YANAYOHUSIKA

Maradhi ya mapafu huitwa sugu yanapodumu kwa miezi na miaka. Katika Nyanda za Juu za Kusini yako ya aina kadhaa. La kwanza ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao husababishwa hasa na moshi wa tumbaku na moshi wa kuni. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018, uliopima watu wa kijijini hapa Tanzania wenye umri wa miaka 35 na zaidi, ulikuta ugonjwa huo kwa takriban mtu mmoja kati ya sita. Na wengi wa watu hao hawakuwa wavutaji wakubwa wa tumbaku kama ilivyo katika nchi za Ulaya.

La pili ni makovu yanayobaki baada ya kifua kikuu. Dawa huua vijidudu, na mgonjwa huambiwa, kwa haki, kwamba amepona. Lakini mahali palipoliwa na ugonjwa hubaki mashimo, makovu, na mirija ya hewa iliyopanuka na kujaa makohozi. Mtu huyo hana tena kifua kikuu, wala haambukizi mtu, ila hana mapafu aliyokuwa nayo mwanzo. Jambo hili lina uzito wa pekee mkoani Iringa na katika mkoa jirani wa Njombe, kwa kuwa kifua kikuu hufuatana na maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba katika mikoa hiyo miwili watu wazima zaidi ya 11 katika kila 100 walikuwa na virusi hivyo, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa karibu 5.

La tatu ni pumu ya muda mrefu isiyotibiwa barabara. La nne ni ugonjwa wa vumbi la mawe, unaowapata wachimbaji wa madini. Zamani vijana wengi wa Mbeya na wilaya zake walikwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, hadi uandikishaji huo ulipokomeshwa katika miaka ya mwanzo ya Uhuru. Na leo wachimbaji wadogo wanaopasua na kusaga mawe bila kinga huvuta vumbi la namna ile ile.

Ingawa maradhi haya yana asili mbalimbali, mwisho wake kwa mgonjwa hufanana: kikohozi, kutweta na uchovu.

SAFARI YA OKSIJENI

Mwili wa binadamu hupata nguvu kwa kuunguza chakula polepole ndani ya chembe zake, na hakuna kinachoungua bila oksijeni. Oksijeni husafiri kwa hatua nne. Kwanza, hewa huvutwa na kushuka katika mirija hadi kwenye vifuko vidogo vya mapafu, ambavyo hesabu yake ni mamia ya milioni. Pili, oksijeni hupenya ukuta mwembamba wa vifuko hivyo na kuingia katika damu. Tatu, hubebwa na hemoglobini, yaani ile rangi nyekundu ya damu, ikisukumwa na moyo. Nne, hufika kwenye misuli, ambako hutumika.

Safari hii inafanana na safari ya mbolea kutoka bandarini Dar es Salaam hadi shambani Mufindi. Meli isipopakuliwa, au lori likiharibika, au barabara ya kijijini ikikatika, au mkulima akiwa mgonjwa, matokeo ni yale yale: mahindi hayapati mbolea. Anayetazama mahindi tu hawezi kujua tatizo liko wapi. Kadhalika uchovu ni mahindi yaliyonyong'onyea, na kazi ya tabibu ni kuifuata njia yote.

Mwaka 1846 daktari Mwingereza John Hutchinson alieleza chombo alichokiunda cha kupimia kiasi cha hewa anachoweza kukitoa mtu kifuani. Vyombo vya leo vya kupima pumzi vimetokana na fikra hiyo. Kwa muda mrefu madaktari walidhani kwamba kipimo hicho kingetosha kueleza pia kiasi cha uchovu. Haikuwa hivyo. Wachunguzi wengi wameona kwamba uhusiano kati ya kipimo cha pumzi na uchovu ni hafifu. Mgonjwa ambaye mirija yake imeziba sana anaweza kulima nusu siku, na mwingine ambaye mirija yake imeziba kidogo akashindwa kufika sokoni. Hivyo ni dhahiri kwamba yako mambo mengine, nje ya mirija, yanayoongeza au kupunguza uchovu.

KILIMA NA HEWA NYEPESI

Sehemu kubwa ya nchi ya Igowole na jirani zake imeinuka karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ina sehemu ile ile ya oksijeni kama hewa ya Tanga au Lindi, yaani asilimia 21. Lakini kanieneo yake ni ndogo zaidi. Pwani kanieneo ya hewa ni sawa na milimita 760 za zebaki, na fungu la oksijeni ni kama 160. Katika kimo cha mita 1,900 kanieneo hushuka hadi milimita 600 hivi, na fungu la oksijeni huwa 126. Kwa hiyo msukumo unaoiingiza oksijeni katika damu umepungua kwa kadiri ya moja ya tano.

Mtu mwenye mapafu mazima hahisi tofauti kubwa, na sababu yake iko katika tabia ya hemoglobini. Kanieneo ya oksijeni katika damu ya mishipa ikishuka kutoka 95 hadi 70, hemoglobini bado hubeba kiasi cha asilimia 94 ya shehena yake. Lakini ikishuka chini ya 60, mzigo huanza kuanguka upesi sana. Mtu mzima anayepanda Mufindi kutoka pwani husogea kidogo tu juu ya uwanda ulio tambarare. Mgonjwa wa mapafu, ambaye hata pwani angekuwa ukingoni mwa uwanda huo, akiwa Mufindi huwa amekwisha kuanza kuteremka. Akifanya kazi kidogo, oksijeni ya damu yake hushuka tena.

Pamoja na kimo kuna baridi. Katika miezi ya kipupwe joto la usiku huko huweza kuwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Hewa ya baridi hukaza mirija iliyokwisha kuwa na ugonjwa, na mafua ya msimu huo huzidisha makohozi. Baada ya kila shambulio la namna hiyo mgonjwa hubaki amechoka kwa wiki kadhaa, hata pale kikohozi kinapokuwa kimerudi katika kiwango chake cha kawaida.

GHARAMA YA KUPUMUA

Mtu mwenye afya, akiwa ameketi, hutumia sehemu ndogo sana ya nguvu zake kwa kupumua: kiasi cha asilimia 1 hadi 3 ya oksijeni yote anayoitumia. Mgonjwa mwenye mirija iliyoziba hutumia mara kadhaa zaidi. Yeye hulipa ushuru mkubwa kabla hajafanya kazi yoyote.

Tena iko shida ya hewa kunaswa. Mirija iliyodhoofika husinyaa wakati wa kutoa pumzi, hewa ikabaki ndani kabla haijatoka yote. Mtu anapopanda kilima hupumua haraka, na muda wa kutoa pumzi huwa mfupi zaidi. Hewa hulimbikizana, kifua kikajaa kama mfuko wa hewa uliokwisha kupulizwa hadi mwisho. Kuongeza pumzi katika mfuko uliojaa ni kazi ngumu. Kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, husukumwa chini na kunyooshwa, kikakosa nafasi nzuri ya kujikunja. Hapo mgonjwa husimama, huinama, na kushika magoti. Watazamaji hudhani amekosa moyo wa kazi, kumbe amekosa nafasi kifuani.

MISULI INAYOSAHAU KAZI

Huenda jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kwa wagonjwa wengi kiungo kinachokata tamaa kwanza ni miguu, wala si mapafu. Mtu anayetweta akitembea hujifunza kutotembea. Akipunguza mwendo, misuli ya mapaja hupungua unene na nguvu. Aina ya nyuzi za msuli zinazofaa kwa kazi ndefu isiyo ya haraka hupungua, na zile zinazochoka upesi huongezeka. Msuli wa namna hii hutengeneza asidi mapema hata katika kazi ndogo. Asidi hiyo humlazimisha mgonjwa kupumua zaidi. Kupumua zaidi humfanya atwete. Na kutweta humrudisha kitini. Ndipo duara linapokamilika.

Duara hili huzungushwa pia na huruma ya jamaa. Katika nyumba nyingi watoto huambiwa: Mwacheni babu apumzike, msimtume popote. Nia ni njema, lakini babu aliyeketi mwaka mzima karibu na moto hudhoofika kuliko ugonjwa wake ulivyotaka. Kwa upande mwingine, kumlazimisha alime kama kijana ni kumdhulumu. Baina ya mambo hayo mawili iko njia ya tatu, itakayoelezwa mbele.

DAMU NA MOSHI

Lori linalobeba oksijeni ni hemoglobini. Gramu moja yake, ikijaa, hubeba mililita 1.34 za oksijeni. Mtu mwenye gramu 15 katika kila mililita 100 za damu hubeba takriban mililita 20 za oksijeni. Mwenye gramu 10 hubeba mililita 13 tu, hata kama mapafu yake ni mazima. Upungufu wa damu unaotokana na safura, malaria, lishe duni, uzazi wa karibukaribu, au maambukizi ya muda mrefu, unapokutana na ugonjwa wa mapafu, uchovu huongezeka maradufu. Habari njema ni kwamba kipimo cha damu ni rahisi, na mara nyingi dawa yake ipo.

Moshi nao huiba sehemu ya malori hayo. Kuni na mkaa zinapoungua bila hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, ambayo hung'ang'ania hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Katika jiko lisilo na dirisha, ambamo familia huota moto na mahindi hukaushwa darini kwa moshi ule ule, mgonjwa hupata madhara mawili kwa pamoja: mirija yake huwashwa na vumbi la moshi, na damu yake hujazwa abiria asiyetakiwa. Kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku na kufunga mlango ni hatari kwa kila mtu, na huweza kuua.

LISHE, USINGIZI NA FIKRA

Mgonjwa wa mapafu hutumia nguvu nyingi kupumua, lakini mara nyingi hula kidogo. Tumbo likijaa, kiwambo hukosa nafasi, na kula chenyewe humtwesha. Zaidi ya hayo, uvimbe wa ndani unaoendelea mapafuni hutuma kemikali katika damu ambazo huondoa hamu ya chakula na kuivunja misuli. Kwa hiyo kukonda kwa mgonjwa si jambo la kupuuzwa. Ugali peke yake hautoshi. Maharage, karanga, maziwa, mayai na samaki hujenga misuli, na milo midogo mara tano kwa siku hufaa kuliko mlo mmoja mkubwa.

Usingizi ni jambo jingine. Kikohozi humwamsha mgonjwa mara nyingi, na mtu yeyote akilala pumzi hupungua kidogo. Kwa mwenye afya upungufu huo hauna maana. Kwa mgonjwa, oksijeni huweza kushuka sana usiku na kabonidioksidi kulimbikizana. Huamka ana kichwa kizito na maumivu, tena amechoka kuliko alivyolala. Pombe huongeza balaa hili kwa kulegeza misuli ya koo na kupunguza msukumo wa ubongo wa kupumua. Hivyo anayekunywa ulanzi jioni ili apate usingizi huupata usingizi usio na pumziko.

Kisha yako mambo ya moyo na akili. Huzuni ya muda mrefu na hofu huwapata wenye maradhi haya mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, na huzuni yenyewe huleta uchovu. Mtu aliyekuwa akilisha nyumba yake, sasa analishwa. Aliyeongoza vikao, sasa hafiki vikaoni. Hofu ya kukosa pumzi humfanya apumue kwa haraka na kwa juujuu, na kupumua huko hunasa hewa zaidi. Kwa hiyo kusema kwamba fikra huongeza uchovu hakuna maana kwamba uchovu ni wa kubuni. Fikra ni sehemu ya mwili kama ulivyo msuli, na lawama za jamaa huingia katika hesabu pamoja na oksijeni.

DAWA NA MARADHI MENGINE

Baadhi ya dawa zina mchango wake. Vidonge vya aminofilini huweza kuzuia usingizi. Prednisoloni, dawa yenye manufaa makubwa wakati wa shambulio kali, ikitumiwa kwa miezi mingi hudhoofisha misuli ya mapaja na mabega. Dawa za usingizi huweza kupunguza pumzi. Hata hivyo mgonjwa asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe; amweleze tabibu uchovu wake, naye apime faida na hasara.

Aidha, uchovu unaozidi ghafla usihesabiwe mara moja kuwa ni ugonjwa ule ule wa zamani. Aliyewahi kuugua kifua kikuu anaweza kukipata tena. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda vinadai makohozi yapimwe. Tanzania ina urithi mzuri katika jambo hili: hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, iliwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu miaka ya 1920, na mpango wa taifa ulioanzishwa mwaka 1977, kwa ushauri wa Dakta Karel Styblo, ukawa mfano kwa nchi nyingi za dunia. Miguu kuvimba, kulala mtu ameketi kwa kukosa pumzi, midomo kugeuka samawati, kutema damu, au kuchanganyikiwa na kusinzia mchana ni dalili za kumpeleka mgonjwa hospitali bila kukawia.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili bila vyombo vya gharama. Achague wanafunzi wenye afya, wasio na pumu wala ugonjwa wa moyo. Kila mmoja ahesabu mapigo yake ya moyo kwa dakika moja akiwa ameketi. Kisha abane pua na kupumua kwa mdomo kupitia mrija wa kunywea soda, kuvuta na kutoa, kwa muda usiozidi nusu dakika, huku akitembea polepole. Anayesikia kizunguzungu aache mara moja. Baada ya hapo waeleze: Ni kuvuta pumzi au kuitoa kulikokuwa kugumu zaidi? Je, walipenda kuzungumza? Walikuwa tayari kubeba ndoo ya maji katika hali ile? Mwanafunzi aliyekwisha kufanya jaribio hili huelewa kwa nini mgonjwa husimama njiani.

Katika somo la hesabu, wanafunzi wakokotoe oksijeni inayobebwa na damu yenye hemoglobini ya gramu 8, 10, 12 na 15, kwa shehena ya asilimia 95 na kisha ya asilimia 85. Wataona wenyewe jinsi mapungufu mawili madogo yanavyokutana na kuwa pungufu moja kubwa. Mathalani, gramu 15 kwa asilimia 95 hutoa mililita 19 hivi. Gramu 10 kwa asilimia 85 hutoa 11 tu.

NINI KIFANYIKE

Kwa kuwa visababishi ni vingi, hakuna dawa moja ya uchovu. Lakini wingi huo huo ndio unaoleta matumaini, kwa sababu kila kisababishi kinachoondolewa hupunguza mzigo.

Jambo lililothibitishwa zaidi ni mazoezi yanayopimwa. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya na kulinganisha majaribio 65 yaliyohusu watu 3,822 wenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Waliona kwamba mpango wa mazoezi pamoja na mafunzo hupunguza kutweta na uchovu, huongeza umbali wa kutembea, na humpa mgonjwa imani ya kuyatawala maisha yake. Wala si jambo la nchi tajiri tu. Mjini Kampala, Uganda, wataalamu waliwafanyisha mazoezi watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya kifua kikuu, mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki sita. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba washiriki waliongeza uwezo wa kutembea na nafuu ya maisha. Mapafu yao hayakupata kuwa mapya. Ni misuli na ujasiri uliofufuka.

Mgonjwa aliyekwisha kupimwa na tabibu anaweza kuanza kwa kutembea kwenye tambarare kwa dakika tano, mara mbili kwa siku, kwa mwendo unaomtwesha kidogo lakini bado anaweza kusema sentensi fupi. Kila wiki aongeze dakika moja au mbili. Kuinuka na kuketi kitini mara kumi huimarisha mapaja. Siku za mafua apunguze, kisha aanze tena kwa kiasi kidogo, asikate tamaa.

La pili ni namna ya kupumua. Avute pumzi taratibu kwa pua, kisha aitoe kwa midomo iliyobanwa, polepole, kama anayepuliza uji wa moto. Hewa hutoka kwa muda mrefu zaidi na mirija haisinyai upesi. Akipanda kilima, atoe pumzi anapopiga hatua ya kujinyanyua, na apumzike kabla hajazidiwa.

La tatu ni kupanga kazi. Kazi nzito ifanywe saa ambazo mgonjwa ana nguvu, na kazi nyepesi zifanywe kwa kuketi: kuchambua maharage, kupukuchua mahindi mahali pasipo na vumbi, kusuka vikapu, kutunza hesabu za nyumba. Mgawanyo wa namna hii humtoa mgonjwa katika hali ya kuwa mzigo, tena humhifadhi misuli na heshima.

La nne ni moshi. Jiko lenye bomba la kutolea moshi, kuni zilizokauka barabara, dirisha linalofunguka, na kupikia uani mvua isiponyesha, yote hayo ni ya msaada. Mtumiaji wa tumbaku aiache. Na kwa kuwa wapishi na wasanzaji kuni wengi ni kina mama na wasichana, mabadiliko haya huwalinda wale ambao bado hawajaugua.

La tano ni kuuliza. Tabibu, muuguzi, na hata mwana wa nyumbani, wamwulize mgonjwa si juu ya kikohozi tu, bali na juu ya uchovu: huanza saa ngapi, huzidishwa na nini, usingizi ukoje, chakula kinaliwaje, moyo una hali gani. Wagonjwa wengi hawasemi kwa sababu wanaogopa jibu watakalopewa.

Elimu hii inawahusu wanafunzi wa sekondari kwa njia ya pekee. Wao ndio wanaosoma habari za hemoglobini na kiwambo shuleni mchana, na jioni wakarudi kwenye nyumba ambamo yuko shangazi au babu aliyeketi kimya karibu na mafiga. Elimu ya darasani ikivuka kizingiti cha nyumba hiyo, dirisha likafunguliwa, damu ikapimwa, na mzee akasindikizwa hatua mia moja kila siku, basi sayansi itakuwa imetimiza kazi yake. Ugonjwa sugu huenda usiondoke. Lakini uchovu unaweza kupungua, na neno uvivu likaachwa kwa wale wanaolistahili.